Baba watatu katika riwaya nilizosoma karibuni

Dada uliyeuliza tumesoma riwaya gani karibuni, na ipi inafaa kumpa kijana wa sekondari, nakujibu kwa tatu nilizozimaliza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Masaka, Uganda. Riwaya za Kiswahili huku si rahisi kuzipata dukani, kwa hiyo mbili kati ya hizi nililetewa na jamaa aliyepitia mpakani Mutukula akitokea Bukoba. Sikuzichagua kwa mpango wowote, ila zote tatu zinamwonyesha baba anayemuumiza mtoto, kisha mtoto au kizazi chake kinabeba mzigo.

Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi iko kwa Kiingereza, ilitoka mwaka 2014. Inaanza mwaka 1750. Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, yaani huku kwetu, anasafiri kwenda kumsalimu Kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda. Njiani, huko Lwera, anampiga kofi Kalema, mwana aliyemlea, kwa sababu amenywa kwenye kibuyu chake. Kijana anakufa. Kwangu mimi uovu mkubwa si kofi lile, ni kule kumficha mzee Ntwire, baba mzazi wa Kalema, kwamba mwanawe amekufa. Laana inatoka hapo, na mwaka 2004 bado inawaandama wajukuu. Mmoja anauawa na umati huko Bwaise, mtaa wa Kampala, akiitwa mwizi. Katikati majina ni mengi hadi msomaji anachoka, lakini vumilia. Ukivuka Lwera kwenda Kampala baada ya kuisoma, utaangalia nje ya dirisha kwa jicho jingine.

Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ya mwaka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Baba wa Yusuf anashindwa kulipa deni, anamtoa mwanawe rehani kwa tajiri Aziz. Tafsiri ni nzuri sana: mazungumzo ya dukani kati ya Yusuf na Khalil, kijana mwenzake aliyewekwa rehani, yanasomeka kama yalizaliwa kwa Kiswahili. Safari ya bara ni ndefu, nayo ni ya mtu mzima zaidi.

Sasa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni ya Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hilihili la Victoria, ambalo huku tunaliita Nalubaale, na maisha ya kule ni ya kwetu kabisa: pombe ya baba, jembe la mama, ada ya shule isiyojulikana itatoka wapi. Zakaria anampiga binti yake Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Baba huyohuyo hela zake zinaishia kwenye pombe. Rosa anakwenda shule ya bweni akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na hofu ya fimbo ikishamtoka, hana kingine cha kumwongoza.

Ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, na hadi leo wapo walimu wanaoifundisha kama onyo kwa wasichana. Nawapinga kwa moyo wote. Kezilahabi hamshitaki Rosa. Anamshitaki Zakaria, na wanaume wanaomtumia kisha wanadai mke bikira. Niliposoma sura za mwanzo na kidato cha tano, msichana mmoja aliuliza kwa nini hakuna aliyekaa na Rosa kuzungumza naye kabla ya kumpiga. Darasa zima lilinyamaza, wavulana pia. Sikuwahi kusikia swali zito kuliko hilo katika kipindi cha fasihi.

Kwa hiyo mpe kijana huyo Rosa Mistika akiwa kidato cha nne au zaidi, lakini usimwachie peke yake. Mwisho wake ni mchungu, anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye akifika pale. Kama una binti na mvulana nyumbani, wape wote wawili. Na baba yao akikubali, aisome yeye kwanza.