Kifaa kinaganda sekunde 2 ilhali kumbukumbu haijaisha: namna tulivyobaini chanzo

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kifaa chako cha Linux chenye RAM ya MB 256 na kisicho na swapu (nafasi ya diski ya kuhamishia data RAM inapojaa) huganda kwa sekunde 1 hadi 3, mara chache kwa siku, kwamba prosesa haijaelemewa, na kwamba amri ya free, inayoonyesha matumizi ya RAM, inaonyesha kache kubwa (nakala za faili zinazowekwa kwenye RAM), kwa hiyo umeamua kuwa kumbukumbu haihusiki. Uamuzi kama huo ulinipotezea wiki 2 nzima, na ndiyo maana najibu kwa urefu.

Nilikuwa natunza programu ya mashine za kuuzia maji kwa kadi. Mteja anagusisha kadi, vali inafunguka, na kipima mtiririko kikifikisha lita 20 programu inafunga vali. Malalamiko yalianzia kwa wahudumu wa vituo: ndoo zilikuwa zinafurika, si kila mara, na zaidi nyakati za jioni. Tuliisingizia draiva ya kipima, tukabadilisha nyaya, tukabadilisha hata vali zenyewe, na ndoo zikaendelea kufurika.

Kosa letu lilikuwa kutazama kiasi cha kumbukumbu kilichobaki badala ya kutazama muda ambao programu ilikaa ikisubiri kumbukumbu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inapopungukiwa na kurasa huru (vipande vidogo ambavyo RAM hugawanywa) humwamsha kwanza mtumishi wake wa nyuma ya pazia, kswapd, azikusanye polepole. Akizidiwa, programu yenyewe inayoomba ukurasa hulazimika kufanya kazi hiyo papo hapo kabla ya kupewa inachotaka. Huo ndio urejeshaji wa moja kwa moja, na ni chanzo cha kwanza cha kuganda. Chanzo cha pili ni kibaya zaidi katika vifaa vyetu vidogo. Pasipo swapu, kurasa za data ambazo programu imejitengea hazina pa kupelekwa, hivyo kerneli hubaki na kurasa zinazotokana na faili tu, na miongoni mwake umo msimbo wa programu zinazoendelea kutumika. Msimbo unatupwa, kisha baada ya muda mfupi unahitajika tena, nao husomwa upya kutoka kwenye flashi, hifadhi ya kudumu ya kifaa, ukurasa baada ya ukurasa, huku vali ikiwa wazi.

Kwa hiyo anza na /proc/vmstat, faili ambamo kerneli huweka vihesabio vyake vya kumbukumbu, na usisome thamani zenyewe bali tofauti kati ya kabla na baada ya kuganda. Zikipanda allocstall_normal na pgscan_direct, kuna programu iliyolazimishwa kujitafutia kurasa. Zikipanda workingset_refault_file na pgmajfault (jina hilo la kwanza ni la kerneli 5.9 na kuendelea, kabla yake ni workingset_refault tu), msimbo au data ya faili iliyotupwa inarudishwa. Kwetu allocstall ilisogea kidogo sana, ilhali refault (idadi ya kurasa zilizotupwa kisha zikarudishwa) ilipanda kwa maelfu ndani ya sekunde 2, na hapo mzizi wa tatizo ukaanza kuonekana.

Kipimo cha pili ni /proc/pressure/memory, kilichoingia katika kerneli 4.20 mwishoni mwa 2018. Mstari wa some huhesabu muda ambao angalau kazi moja ilikwama kwa sababu ya kumbukumbu, na full ni muda ambao kazi zote zilizokuwa na la kufanya zilikwama kwa pamoja. Usitegemee avg10, kwa kuwa wastani wake humeza mkwamo mfupi. Soma total, ambayo ni mikrosekunde, na utoe ya zamani katika mpya.

Hapa kuna mtego niliouingia mwenyewe. Hati yangu ya shell iliyosoma namba hizi kila sekunde iliacha mapengo palepale mashine ilipoganda, kwa sababu kila sleep na cat ni programu mpya inayopaswa kusomwa kutoka flashi ileile iliyoelemewa. Niliandika programu ndogo ya C inayofungua faili zote mapema, inayojifunga katika RAM kwa mlockall, na inayosoma kila milisekunde 100. Ukitaka kujua ni nani hasa anayekwama katika urejeshaji wa moja kwa moja, washa alama ya ufuatiliaji ya kerneli mm_vmscan_direct_reclaim_begin na mwenzake wa end chini ya /sys/kernel/tracing. Utapata jina la mchakato na muda wake.

Mla kumbukumbu alikuwa sisi wenyewe. Ili kuinusuru flashi tulikuwa tumeziweka logi katika tmpfs, mfumo wa faili unaokaa ndani ya RAM, nazo zilikua mchana kutwa hadi jioni. Kurasa za tmpfs huhesabiwa ndani ya buff/cache, kwa hiyo ile kache iliyotutia moyo kwa sehemu kubwa ilikuwa logi, kitu ambacho bila swapu hakitupiki hata kidogo. Tazama safu ya shared katika free, au Shmem katika /proc/meminfo. Hata available isikuridhishe sana, kwani huhesabu sehemu kubwa ya kurasa za msimbo kana kwamba hakuna anayezihitaji.

Tiba ilikuwa kuipa tmpfs kikomo kwa size=, maana usipoiwekea huruhusiwa kufika nusu ya RAM, na kuifunga programu ya vali kwa mlockall. Angalia ukubwa wa stack (eneo la kumbukumbu la kila uzi wa programu) za nyuzi zako kabla ya kutumia MCL_FUTURE, chaguo la mlockall linalofunga hata kumbukumbu itakayoombwa baadaye: kila uzi wenye stack ya MB 8 hujaziwa MB hizo zote, na katika MB 256 utakuwa umejichimbia shimo. Wengi watakushauri upandishe min_free_kbytes, yaani akiba ya RAM huru ambayo kerneli huitunza. Mimi nilijaribu, na refault zikaongezeka kwa kuwa nilizinyima kurasa za msimbo nafasi. Ikiwa tatizo lako ni allocstall, afadhali watermark_scale_factor, ambayo humwamsha kswapd mapema zaidi bila kugusa akiba ya dharura. Kama una cron (kazi inayojirudia kwa ratiba) ya kuandika katika drop_caches ili kumwaga kache, iondoe leo, kwani hutupa pamoja na mengine msimbo utakaouhitaji dakika inayofuata.

Na kama kifaa kinaganda huku namba hizo zote zimetulia, achana na kumbukumbu uchunguze fsync (ombi la programu kusubiri data iandikwe kabisa) na muda wa flashi kuandika, kwa sababu kwa mtumiaji kuganda huko hufanana kabisa na huku.