Kupiga Bila Kupigwa: Majibu kwa Wanafunzi wa Upanga Mrefu

Mimi na mwenzangu tumefanya mazoezi ya upanga mrefu, ule wa Ulaya ya zamani unaoshikwa kwa mikono miwili, kwa mwaka mmoja. Karibu kila tukishindana, tunapigana kwa wakati mmoja. Nani ahesabiwe mshindi?

Hakuna. Mmekufa wote wawili. Badala ya kugombania pointi, jiulizeni kwa nini kila mmoja wenu anarusha pigo huku upanga wa mwenzake uko njiani kumjia kichwani. Nimeliona jambo hili katika kila klabu niliyoingia, na chanzo chake ni kilekile: mwanafunzi amefundishwa kutafuta shabaha kabla ya kufundishwa kuiziba njia ya upanga unaomjia.

Mapokeo ya Johannes Liechtenauer, mkufunzi wa Kijerumani wa karne ya 14, yanalishughulikia tatizo hili katika pigo la kwanza kabisa, lile la hasira, ambalo Wajerumani huliita Zornhau. Adui akikukata kutoka juu, kuliani kwake, nawe unakata kwa mshazari kutoka kuliani kwako, kwa nguvu na bila kusita, ili panga mbili zikutane na ncha yako ibaki ikimwelekea usoni au kifuani. Ukihisi upanga wake umelegea, unamchoma papo hapo. Ukihisi anausukuma wako kando kwa nguvu, unauinua juu ya wake na kumkata kichwani upande wa pili, kwa kuwa wakati huo upanga wake umekwisha kupotezwa njia na nguvu zake mwenyewe. Katika hali zote mbili unampiga baada ya kujikinga, au wakati uleule unaojikinga, kamwe si kabla.

Mashindano mengi siku hizi huadhibu mapigo ya pamoja, na mengine huhesabu pia pigo ambalo aliyepigwa kwanza amelirudisha mara moja. Naziunga mkono kanuni hizo kwa moyo wote. Wanaozilalamikia sana, kwa niliyoyaona, ni wale waliozoea kushinda kwa wepesi wa mkono peke yake.

Ninunue upanga gani?

Swali hili haliishi kuja, na karibu kila mara muulizaji hasemi anaishi wapi, anafundishwa na nani, wala ana vifaa gani. Usinunue upanga. Nunua barakoa ya fensing, yaani mchezo wa kisasa wa vitara, iliyo imara, kisha kifuniko cha kisogo, kwa sababu barakoa hiyo huacha nyuma ya kichwa wazi. Halafu kikinga koo kigumu na glovu nzito zilizotengenezwa kwa mchezo huu. Glovu za ngozi za bustanini hazitaokoa kidole gumba chako.

Ukishakubaliwa katika klabu, mwalimu wako atakuelekeza upanga wa mazoezi wa aina ya Feder, ambao hauna makali, ncha yake imefanywa butu, na bapa lake hupinda unapomchoma mwenzako badala ya kumvunja mbavu. Ule upanga wa pambo wa chuma kisichoshika kutu, unaouzwa kwa bei ya kutupa, uache ukutani. Mara nyingi kipande kinachoingia ndani ya mpini ni chembamba na kimechomelewa tu, na siku kitakapokatika, bapa zima litaruka kuelekea kwa watu.

Je, ni kweli panga ndefu za zamani zilikuwa na uzito wa kilo 10?

Si kweli. Nyingi zilizohifadhiwa katika makumbusho zina uzito wa kati ya kilo 1.1 na 1.8.

Kwa hiyo zilipasuaje deraya za chuma?

Hazikupasua. Vitabu vya zamani vyenyewe vinaonyesha kwamba mtu aliyevaa deraya ya mabamba alishambuliwa penye mianya, yaani kwapani, usoni na viganjani. Kwa kazi hiyo mpiganaji alilishika bapa la upanga wake kwa mkono wa kushoto, akautumia kama mkuki mfupi. Bapa kali hushikika likibanwa barabara na lisiposerereka kiganjani. Hilo usilijaribu nyumbani.

Nianze na Liechtenauer, Fiore au Meyer?

Anza na yule anayefundishwa vizuri karibu nawe. Ila yajue unayoyachagua. Liechtenauer aliacha beti zilizofumbwa kwa makusudi, ili sanaa isisambae kwa wasiostahili, na tunazielewa kwa msaada wa wafafanuzi waliokuja baadaye, kama wale wa hati ya mwaka 1452 iliyohifadhiwa Roma. Fiore dei Liberi, mtu wa Friuli, Italia, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15. Picha zake zinasomeka kwa urahisi zaidi, naye anaunganisha mieleka, jambia, upanga na mkuki katika mfumo mmoja. Joachim Meyer alichapisha kitabu chake Strasbourg mwaka 1570, wakati upanga mrefu ulikuwa umekuwa mchezo wa raia wa mjini, na Wajerumani walikuwa wameacha kuchomana nao.

Asiyeijua tofauti hiyo huchanganya mbinu za mchezo na mbinu za kuua, kisha akashangaa anapochomwa. Jihadhari pia na mapambo. Hati ya Nuremberg inayojulikana kama 3227a iliwadhihaki zamani wakufunzi waliopiga mara mbili au tatu pale ambapo pigo moja lingetosha, ili tu watazamaji wapendezwe. Wakufunzi hao wangali hai, na sasa wana kamera.

Je, mwanamke anaweza kujifunza?

Ndiyo. Kitabu cha mapigano cha Ulaya cha zamani zaidi tulicho nacho, kinachohifadhiwa Leeds, Uingereza, na kinachofundisha upanga na ngao ndogo, kinamalizikia kwa picha za mwanamke aitwaye Walpurgis akipigana.

Naishi Mwanza na hapa hakuna klabu. Nitajifunza peke yangu kupitia video?

Utajifunza nusu. Hatua, mikao minne ya msingi na mstari wa kila pigo unaweza kuvifanya peke yako kwa fimbo ya sentimita 120 hivi, na maandishi ya mabingwa wa kale yanasomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Wiktenauer. Soma hati kwanza, ndipo utazame video, kwa maana mwenye video amekwisha kukuchagulia tafsiri yake. Usichoweza kukipata peke yako ni kuhisi nguvu za upanga wa mwingine unapogusana na wako, kwa hiyo tafuta mwenzi mmoja mvumilivu, mfanye zoezi hilo polepole. Msipigane kwa fimbo bila barakoa, hata kwa mzaha, kwani fimbo haipindi kama Feder na jicho halina kipuri.