.30-06 yenye madoa ya kahawia ndani ya mtutu: weka kando huo waya wa chuma

Mleta mada, nimekuelewa hivi: bunduki yako ya .30-06 (ndiyo aina ya risasi inayotumia) imekaa kwenye ala ya ngozi huko Moshi masika yote, sasa ukimulika ndani ya mtutu unaona madoa ya kahawia, na fundi kakwambia usugue kwa waya wa chuma uliochovya petroli. Usifanye hivyo. Waya wa chuma unakwaruza mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, na petroli inaondoa mafuta yote na kuacha chuma kitupu, mbali na mvuke wake kuwaka ukiwa na jiko la mkaa jirani.

Kabla ya kushika brashi, jua uchafu ulio nao ni upi, maana kila mmoja una dawa yake. Upo wa aina tatu. Masizi ya baruti ni meusi na hutoka kwa dawa ya kawaida ya kusafishia bunduki. Hata mafuta ya taa huyalainisha. Shaba ni ile inayobanduka kwenye ganda la nje la kichwa cha risasi na kuganda mtutuni. Mulika tochi mdomoni, utaiona kama michirizi myekundu inayong'aa juu ya kingo za mifereji. Mafuta ya taa hayaigusi kabisa, inataka dawa yenye amonia au nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kutu haing'ai, ni ya kahawia, na kitambaa kinachopita juu yake hutoka na rangi ya udongo wa Kibosho. Kwa maelezo yako nadhani una vyote vitatu, kutu ikiwa juu ya masizi ya mwaka jana.

Vifaa: fimbo ndefu ya kipande kimoja, iliyofunikwa plastiki au ya nyuzi za kaboni. Zile za alumini za kuunganisha vipande vitatu ziache, kwani maungio yake hukwaruza na alumini ni laini, chembe za mchanga hujichimbia humo na fimbo inageuka tupa. Brashi mbili za .30, moja ya shaba na moja ya nailoni. Vitambaa vya pamba tupu. Fulana ya mtumba iliyochoka inafaa sana, ya poliesta hainyonyi. Kata sm 5 kwa sm 5, ujaribu. Kikipita bila ukinzani ongeza ukubwa, kikikwama punguza, usipige fimbo kwa kiganja. Ongeza mrija wa kuongozea fimbo, ule unaokaa mahali pa bolti, yaani chuma cha kuteleza kinachofunga nyuma ya mtutu. Huo ndio unaolinda koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia, na unazuia dawa isichuruzike kwenye kifyatulio.

Sasa kazi. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine. Chomoa bolti, tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Laza bunduki mdomo ukiwa chini kidogo kuliko chemba, la sivyo dawa itarudi nyuma na kuingia kwenye mbao za kitako. Fungua dirisha, vaa glovu. Na dawa ya amonia isikutane na jiki hata kwa bahati mbaya, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Sukuma kitambaa chenye dawa ya masizi kuanzia chemba kwenda mdomoni. Kikitokeza nje kiondoe hapohapo, usikivute kurudi ndani, maana utakuwa unarudisha uchafu ulioutoa. Futa fimbo kila inaporudi. Pitisha kingine, halafu acha dakika 10 hadi 15. Ukishaacha, ingia na brashi ya shaba iliyolowa dawa, mizunguko 8 hadi 10, yaani kwenda na kurudi. Brashi lazima itoke yote nje ndipo uivute kurudi. Ukigeuza mwendo katikati, nywele zake zinajikunja upande usiofaa na brashi inakwama. Ukivuta, ivute polepole inapoingia mdomoni. Ukingo ule wa duara mdomoni ndio kitu cha mwisho kugusa risasi. Ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo mapema na kuisukuma risasi pembeni. Ndiyo maana tunasafisha kutokea chemba. Bunduki isiyoruhusu hivyo, mfano zenye wenzo chini ya kifyatulio, tumia kamba ya kuvuta, nayo uivute ikiwa imenyooka katikati ya tundu bila kusugua ukingo.

Pitisha vitambaa vikavu. Cha kwanza kitatoka cheusi tii, cha pili kijivu. Kikifika cha tano bado ni cheusi, rudia duru nzima.

Shaba sasa. Hapa weka kando brashi ya shaba kwa sababu dawa itaila na kukudanganya. Tumia ya nailoni. Lowesha mtutu, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 5 hadi 15, kisha pitisha kitambaa. Bluu au kijani maana yake shaba inatoka. Rudia mpaka rangi ipotee. Wengi hukwama hapa siku nzima kwa sababu kichwa cha fimbo kinachobeba kitambaa nacho ni cha shaba ya manjano, kwa hiyo kila kitambaa kinatoka na bluu hata mtutu ukiwa safi. Weka kichwa cha plastiki au cha nikeli. Dawa kali ya amonia usiilaze humo usiku kucha, inaweza kuchoma chuma. Ukimaliza, iondoe kwa dawa ya masizi na vitambaa vikavu hadi harufu iishe.

Kutu ndiyo inayotaka subira. Paka mafuta ya kupenyeza, yale ya kulegeza nati zilizoshika, acha usiku mmoja, asubuhi brashi ya shaba tena mizunguko 10 na vitambaa. Rudia kwa siku mbili tatu. Msasa marufuku.

Jambo lingine: kama umewahi kupiga risasi za zamani za kijeshi, baadhi zina fataki (kile kiwashio kitakoni mwa risasi) inayoacha chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuleta kutu hata ukipaka mafuta, kwani mafuta hayaiyeyushi. Kinachoiyeyusha ni maji. Mimina lita moja ya maji ya moto sana kwa faneli kutokea chemba, mbao zikiwa zimekingwa, kisha kausha haraka na upake mafuta siku hiyohiyo.

Kuhifadhi: kitambaa kimoja chenye matone mawili matatu ya mafuta ya bunduki, kingine kikavu nyuma yake, basi. Mafuta mengi ni hatari, maana yakijaa mtutuni yanaongeza mgandamizo. Chemba iwe kavu kabisa. Ikiwa na mafuta, ganda la risasi halishiki kuta vizuri na bolti inabeba mzigo mkubwa zaidi. Kwenye meno ya bolti inatosha grisi kama punje ya mchele. Ala ya ngozi ni ya safari tu, ngozi inashika unyevu. Kwenye kasha la chuma weka vifuko vya kunyonya unyevu, na wakati wa masika kagua kila wiki mbili. Wa Machame na Marangu, kwenye unyevu wa mlimani, kila wiki. Walio Arusha wanaoshuka Longido au Simanjiro wana tatizo la kinyume: vumbi likikutana na mafuta linakuwa msasa, hivyo huko mafuta yawe kidogo mno na mdomo wa mtutu uzibwe kwa utepe mwembamba.

Shaba si lazima uitoe kila unapopiga. Masizi na unyevu ndiyo ya kila mara. Mtutu uliotolewa shaba yote mara nyingi unahitaji risasi mbili tatu kabla haujatulia, kwa hiyo usifanye kazi hii usiku wa kuamkia mawindo. Na kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu.

Ukifika hapo na madoa bado yapo lakini vitambaa vinatoka vyeupe, hayo ni mashimo, kutu yenyewe imekwisha. Mashimo hayafutiki, yatashika shaba kidogo zaidi ya zamani, lakini bunduki nyingi za namna hiyo hupiga sawasawa. Nenda uwanja wa shabaha, piga tatu kwenye karatasi ya mita 100. Zikitawanyika, kaza kwanza skrubu za darubini na za kitako kabla hujaulaumu mtutu.