Maswali ya Wasomaji: Sakitu ya Njombe na Sakitu ya Robert Frost

Barua nne za safari hii zinamhusu mshairi mmoja, Robert Frost (1874–1963), Mmarekani aliyezaliwa San Francisco, akalima shamba dogo huko Derry, New Hampshire, na kupata tuzo ya Pulitzer mara nne. Barua tumezifupisha.

Kwenye "Stopping by Woods on a Snowy Evening" niliandika kwamba msitu ni kifo, theluji ni kifo na usingizi ni kifo. Mwalimu kanipa alama 8 kwa 20, pembeni kaandika "Wapi?" Kwani msitu ni nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbeya Mjini*

Msitu ni msitu kwanza. Hilo "Wapi?" la mwalimu wako linadai ushahidi, na ushahidi wa Frost hukaa kwenye vitu vyenyewe.

Kabla hujagusa maana, andika mambo manne kwenye karatasi: ni saa na majira gani, nani yupo, kazi gani inangoja, na ni mshororo upi unaoligeuza shairi. Hapa ni jioni yenye giza kuliko zote za mwaka, yaani tarehe 21 au 22 Desemba. Msomaji wa Mbeya huteleza papo hapo, maana Desemba kwetu ni mvua na mahindi machanga, na baridi ni ya Juni na Julai. Tena huku tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama saa moja tu. Kule New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani alikoishi Frost, mchana wa Desemba husinyaa ukabaki kama saa tisa. Giza hilo ni jambo la kalenda kabla halijawa ishara ya chochote.

Waliopo ni mtu na farasi wake mwenye njuga. Mwenye msitu yuko kijijini, hawaoni. Kazi inayongoja ni ahadi na safari ndefu. Shairi linageuka mshororo wa 14, kwenye neno "lakini".

Sasa pima. Upande wa kifo una giza, kina cha msitu, na mshororo wa mwisho unaotaja usingizi ukarudiwa neno kwa neno. Upande wa pili una farasi anayetikisa njuga kama anayeuliza kuna nini, una ahadi, na una sifa ya kwanza anayoupa msitu: kwamba unapendeza. Frost mwenyewe aliwakatalia waliosema ni shairi la mtu anayetamani kufa. Basi badala ya "msitu ni kifo", andika hivi: "Msitu unamvuta msemaji aache kazi, na kwa kuwa mvuto huo unaambatana na giza, kina na usingizi uliorudiwa, unaweza kusomwa kama mvuto wa kifo, ingawa ahadi zinamrudisha njiani." Sentensi ni ndefu, lakini kila kipande chake kina mshororo wa kukitetea.

Usisahau umbo. Mishororo ni 16 katika beti nne, kila mmoja mizani 8, sawa na kipande kimoja cha shairi letu la mizani 16. Katika beti tatu za kwanza, mishororo ya kwanza, ya pili na ya nne ina kina kimoja. Wa tatu unaachwa peke yake, kisha kina chake ndicho kinachotawala ubeti unaofuata. Anayelijua pindu, shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti huanzisha ubeti unaofuata, atautambua ukoo, ingawa pindu huungana kwa maneno na hapa kiungo ni kina tu. Ubeti wa mwisho mishororo yote minne ina kina kimoja. Hakuna kilichoachwa cha kuvuta ubeti mwingine, ndiyo maana mshororo hauna pa kwenda ila kujirudia.

Na usiandike kwamba alichungulia dirishani akaona theluji. Alilitunga Juni 1922, kiangazi cha kwao, asubuhi baada ya kukesha akiandika shairi jingine refu.

Kwenye "Mending Wall" kuna "kitu" kisichopenda ukuta. Kwenye kikundi chetu cha usomaji mmoja anasema ni Mungu, mwingine anasema ni uhuru. Nani kapatia?
*Mkulima wa viazi, Njombe*

Wewe unayelima viazi ulitakiwa uwashinde wote wawili. Kitu hicho kwanza ni baridi. Jina la mshairi, Frost, maana yake ni sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi, na hapo anacheka chinichini na msomaji.

Ila sakitu yake na yako hazifanyi kazi moja. Ya Njombe hutua juu ya majani usiku wa Juni hadi Agosti, ikaunguza viazi, na jua likishapanda imeyeyuka. Udongo wenyewe haugandi kwenda chini. Kule New Hampshire udongo huganda kuzidi nusu mita. Maji yaliyomo yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, tena barafu hiyo huendelea kuvuta maji mengine kutoka chini, ardhi ikavimba. Kuta za mashamba kule ni mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji wala udongo wa kushikiza, mawe yale yale yaliyozolewa shambani. Ardhi ikivimba yanabenuka, ikiyeyuka yanaporomoka. Ndiyo maana msemaji wa shairi na jirani yake wanautengeneza ukuta wao majira ya kuchipua na si wakati mwingine. Mabomoko ya wawindaji msemaji anayataja kando, anasema hayo ni mengine. Wengi huyachanganya.

Mkishaelewana hapo, zungumzieni Mungu na uhuru mpendavyo.

Kosa linalogharimu alama zaidi ni lile la "Frost anasema ua mzuri hufanya majirani wema". Hasemi. Anayesema ni jirani, mara mbili, na ni methali kongwe kuliko shairi hilo lililochapwa 1914. Msemaji anaibeza: huku hakuna ng'ombe, na mitufaha yangu haitavuka kwenda kula mbegu chini ya misindano yako. Anayepajua Makete anaiona picha hiyo bila ramani, bustani ya epo upande huu na misindano upande ule. Lakini ni nani aliyemwita jirani waje watengeneze ukuta? Ni huyo huyo mbezaji. Shairi limesimama juu ya mgongano huo, na anayechagua upande mmoja analivunja.

Je, "The Road Not Taken" linafundisha ujasiri wa kupita njia yako mwenyewe?
*Msomaji, Mafinga*

Hapana, ingawa kadi za mahafali zitaendelea kusema hivyo. Rudia ubeti wa pili na wa tatu: njia zote mbili zimechakaa karibu sawa, na asubuhi ile majani ya zote mbili hayajakanyagwa. Lile dai kwamba msemaji alishika isiyopitwa sana ni maneno anayotabiri kuwa atayasema uzeeni, tena kwa kushusha pumzi. Frost alikuwa akimtania rafiki yake, Mwingereza Edward Thomas, ambaye kila matembezi alijutia njia waliyoiacha. Hata anwani inataja njia iliyoachwa.

Natafsiri "Nothing Gold Can Stay". Majani machanga kwetu si ya dhahabu. Nibadilishe rangi?
*Mwalimu wa Kiswahili, Iringa*

Hoja yako ina uzito. Miyombo ikichipua Septemba na Oktoba kabla ya mvua, majani huja mekundu kama shaba, kisha ndipo hugeuka kijani. Ndilo jambo lile lile analoliona Frost: rangi ya kwanza ya jani si rangi yake ya kudumu. Lieleze hilo darasani, lakini kwenye tafsiri bakiza dhahabu, kwa sababu neno linarudi mshororo wa mwisho likiwa limebeba thamani pamoja na rangi. Shaba haibebi mzigo huo.

Asili ni mishororo 8 yenye maneno 40 tu, kwa hiyo kila neno la ziada linaonekana. Mizani 8 inatosha: "Jani changa ni dhahabu" imetimia bila kusukumwa. "Kijani kwanza dhahabu" nayo ni 8, na inakupa zawadi ambayo Kiingereza hakina, kwani "kijani" ni rangi na ni jani dogo kwa pamoja. Sarufi yake inachechemea kidogo, lakini ushairi unaruhusu.

Hatari iko kwenye kina, maana mifano hiyo miwili inaishia kwa dhahabu. Dhahabu inaita adhabu, aibu, taabu, na ukizipokea, shairi la jani linageuka mawaidha. Asili inataja Edeni mara moja, mshororo wa 6, kisha inapita kwenda kwenye alfajiri inayokuwa mchana. Isukume dhahabu katikati ya mshororo, pasipo na kina, na mwishoni weka maneno mepesi yenye vina vingi, kama "mapema" na "huhama".