Kinyonga hanywi bakulini

Kinyonga wangu wa kwanza alikufa huku bakuli la maji limejaa, pale pale chini ya tawi lake. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wananiuliza kinyonga anakula nini, na mpaka leo hajatokea hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza anakunywaje.

Ilikuwa Goba, mwezi wa pili, ule wakati ambao joto la Dar linakulaza sakafuni. Mafundi walikuwa wanakata mchongoma wa jirani ili wajenge ukuta, mara kijana mmoja akatoka mbio akipiga mayowe kana kwamba kaona chatu. Kumbe ni kinyonga wa kijani, wa wale wenye mikunjo ya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, ambao ndio tunaowaona sana kwenye bustani zetu. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Mjadala pale ulikuwa apigwe koleo au amwagiwe mafuta ya taa. Nikamwomba, nikamtia kwenye ndoo, nikaingia naye ndani. Nikampa tawi la mpera, tenga la nguo nililoligeuza kuwa banda, mende watatu, na maji kwenye bakuli la plastiki.

Wiki ya pili macho yake yakaanza kuzama. Akawa anayafumba mchana. Nilidhani analala, nikawaambia watoto wasipige kelele. Sasa najua kwamba kinyonga mzima halali mchana. Ukimkuta kafumba macho saa sita ya jua, huyo anaumwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni kiu. Siku tatu baadaye tulimzika chini ya mpera.

Kabla sijafika kwa wa pili, niseme jambo la sheria ili mtu asije akanilaumu. Kinyonga ni mnyamapori, na kwa Tanzania mnyamapori hafugwi bila kibali. Sheria yenyewe ni ile ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na pa kuulizia ni TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori. Mimi nilianza kwa kutojua, usianze hivyo. Na kama uliyemwona yuko mzima kwenye ua wako, muache hapo hapo. Atakulia nzi wako bure na hutahangaika na chochote ninachokiandika hapa chini.

Wa pili ni jike, na mwanangu Nuru alimpa jina la Taratibu. Huyu aliokolewa na mama mkwe wangu, ingawa mwenyewe hapendi niseme hivyo. Mama ni wa Lushoto, na milima ya Usambara ina vinyonga wa aina ambazo huzikuti kwingine popote duniani. Amekulia katikati yao na anawaogopa kuliko mimi ninavyoogopa nyoka. Alikuja kutusalimu, akagoma kuvuka kizingiti cha veranda, akawa anamwangalia Taratibu kwa mbali kwa siku mbili nzima. Asubuhi ya tatu akaniita.

"Mama Nuru, huyo mdudu wako ana kiu."

"Mama, maji si hayo hapo?"

"Hayo ni ya kuku. Wale wa kwetu wanalamba umande."

Nikachukua chupa ya kupulizia, ile ya saluni ya kulowesha nywele, nikapuliza majani mpaka yakaanza kudondosha. Taratibu hakufanya lolote. Nikaendelea kupuliza, mkono ukachoka, dakika ya kwanza, ya pili. Halafu jicho moja likageukia tone lililoning'inia kwenye ncha ya jani. Akasogea kwa ule mwendo wake wa kupiga hatua na kurudi nusu, akaanza kulamba. Alikunywa muda mrefu sana mpaka nikaona aibu.

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Kinyonga anaishi juu ya miti, na huko maji humjia kama umande na mvua. Jicho lake huvutwa na kitu kinachometa na kutikisika. Maji yaliyotulia bakulini kwake ni kama hayapo. Wapo wachache wanaojifunza kunywa kwenye chombo, lakini usiweke roho ya mnyama kwenye bahati hiyo. Bakuli lenyewe linageuka haraka kuwa kaburi la wadudu na choo, akinywa humo ndipo atapata maradhi.

Kwa hiyo siku hizi namnyeshea mvua. Asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakolea, na jioni mnamo saa kumi na moja na nusu, ili majani yapate kukauka kidogo kabla hajalala. Kila mara napuliza dakika tatu hadi tano. Kosa la wengi ni kupuliza mara mbili, chwa chwa, wakaondoka. Kinyonga ni mzito wa kuamua. Mara nyingi anaanza kunywa wakati wewe umeshakata tamaa. Usimpulizie usoni kwa nguvu, puliza majani. Akikugeuzia mgongo au akifura, umemkera.

Mchana naongezea dripu. Nilinunua ule mpira wa dripu ya hospitali kwenye duka la dawa, wenye kigurudumu cha kupunguza kasi, nikauunga kwenye chupa ya maji iliyoning'inizwa juu ya banda. Unaurekebisha mpaka tone lidondoke kila baada ya sekunde chache juu ya majani mapana, na chini unatega beseni. Kama huna mpira, kopo ulilolitoboa kwa sindano linafanya kazi ile ile, ila utapigana nalo.

Maji yenyewe pia yana habari yake. Kisima chetu, kama visima vingi vya Dar, kina chumvi. Nilipoyatumia, majani yalibaki na madoa meupe, chupa ikaziba mdomo, na Taratibu akawa anasugua jicho kwenye tawi. Nikaacha. Sasa natumia ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha ili harufu ya dawa ipungue, na masika nakinga ya mvua, ila nayaacha yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati.

Na utajuaje kama maji yanatosha? Angalia choo. Najua, lakini angalia. Choo cha kinyonga kina sehemu mbili: moja ya kahawia au nyeusi, nyingine kama chokaa iliyoganda. Ile ya chokaa ikiwa nyeupe, mambo ni mazuri. Ikiwa ya njano iliyokolea au rangi ya chungwa, ana kiu, hata kama macho yake bado yako vizuri. Macho huchelewa kusema. Usisubiri yazame kama nilivyosubiri mimi.

Kitu kimoja nakuomba usikifanye: kumfungua mdomo na kumsukumia maji kwa bomba la sindano. Maji yakiingia njia ya hewa yanafika mapafuni na huna la kufanya tena. Akiwa amelegea kiasi hicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wa kwangu alicheka kwanza, akaniuliza kama ninamaanisha kuku, lakini alinisaidia.

Maji yakizidi nayo ni balaa. Banda linalolowa kutwa, lisilopitisha hewa, kwenye joto letu hili, linaleta ukungu na maradhi ya kifua. Ndiyo maana banda langu ni fremu ya mbao na nyavu za madirishani pande zote, sikutaka kabisa kusikia habari za tangi la kioo. Masika, hewa yenyewe ikiwa imelowa kama nguo isiyokauka, napuliza asubuhi tu na kumwachia dripu kwa muda mfupi. Mwezi wa saba na wa nane, upepo wa kusi unapokausha kila kitu, naongeza. Na kama nyumba yako ina kiyoyozi, usimweke chumba hicho, kitamkausha huku wewe unaburudika.

Sasa chakula, maana najua ndicho mlichokijia.

Taratibu anakula nyenje, panzi, nondo, nzi, na mabuu ya yule nzi mweusi ambayo siku hizi yanafugwa kwa ajili ya kuku. Hayo mabuu yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine, ukipata mfugaji karibu nawe shukuru. Nyenje nawafuga mwenyewe kwenye ndoo kubwa yenye trei za mayai ndani, kwa malalamiko ya nyumba nzima kwa sababu wanaimba usiku kucha. Mtu mzima kama Taratibu anatosheka na wadudu wanne mpaka sita, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mtoto anakula kila siku, vidogo vidogo vingi. Kwa hao weka ganda la ndizi bivu kwenye kopo ndani ya banda, vile vinzi vya matunda vitajileta vyenyewe. Ukubwa wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Ulimi wake unarefuka kupita urefu wa mwili, unaweza kuvuta kitu kikubwa kuliko koo linavyoweza kupokea.

Mende wa jikoni sitoi tena. Dar hii kila nyumba imepuliziwa dawa, kama si yako ni ya jirani, na mende anatembea nyumba zote. Panzi nawakamata kwenye kiwanja kitupu ambacho hakuna anayelima mboga, kwa sababu hiyo hiyo. Wale panzi wa rangi rangi wanaonuka, wanaokaa kwenye mihogo, waache, wana sumu. Vimulimuli pia waache. Na jioni toa nyenje waliobaki: kinyonga akilala, nyenje mwenye njaa anamtafuna ngozi.

Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi na mimi nikafurahi kama kuku. Nilimmwagia. Alikula kumi na nne, nilihesabu, kisha akagoma kula siku tano. Kumbikumbi ni mafuta matupu. Mpe watatu kama sikukuu, basi.

Lakini jambo lenyewe hasa ni kwamba mdudu ni mfuko tu, kinachomfaa kinyonga ni ulichokitia ndani ya mfuko. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kinyonga akiishi kwa nyenje watupu, mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea, mwisho hata ulimi haurushi. Kwa hiyo nyenje wangu wanashiba siku nzima kabla ya kuliwa: karoti, boga, papai, majani ya mlonge. Mchicha siwapi mara kwa mara, una asidi inayoishikilia kalsiamu isitumike. Halafu kabla ya kumpa, namtikisa mdudu kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu kidogo, apakwe kama andazi lenye sukari.

Unga huo natengeneza kwa ule mfupa mweupe, mwepesi, wa ngisi unaookotwa ufukweni. Nauosha, nauloweka siku mbili nikibadilisha maji ili chumvi itoke, naukausha, nautwanga, nauchekecha kwa kitambaa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa laini nayo yanafaa. Chokaa ya kujengea usiguse, inaunguza. Jirani yangu alitaka kuitumia kwa sababu "zote ni nyeupe".

Kalsiamu hiyo haina kazi bila jua, kwa kuwa mwili unahitaji vitamini D kuitumia, na D inatengenezwa na miale ya jua kwenye ngozi. Jua la dirishani halihesabiki, kioo kinazuia miale hiyo. Huko Ulaya wanawanunulia taa maalumu. Sisi jua tunalo mpaka linatukera. Banda langu linatoka nje asubuhi kuanzia saa moja hadi saa tatu, nusu kwenye jua na nusu chini ya kivuli cha mpera, ili achague mwenyewe. Akipauka na kuachama mdomo, joto limemzidi, msogeze kivulini wakati huo huo. Usimsahau nje ukaenda Kariakoo. Angalia pia ua ulioko karibu: utomvu wa minyaa unachoma macho, ya kwake na ya kwako. Na miguu ya meza ya banda iweke kwenye makopo ya maji, siafu hawabishi hodi.

Watu wanauliza ninasafirije. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula, hilo halinisumbui. Maji ndiyo yanayonirudisha nyumbani. Tulipokwenda Lushoto mwezi wa kumi na mbili niliacha ufunguo kwa kijana wa jirani, yule yule aliyekimbia akipiga mayowe siku ile ya mchongoma. Bado hamgusi. Tulikubaliana apulize akiwa nje ya nyavu, dakika tano kwa saa ya simu yake, na kila asubuhi anitumie picha ya choo. Mama mkwe alikuwa anakaa nami barazani na kikombe chake cha chai, simu ikilia ananiuliza kabla sijaifungua: "Nyeupe?"