Riba ya mkopo wa nyumba ikipanda, nani atabeba mzigo?

Swali: Mimi ni muuguzi mtumishi wa serikali hapa Mtwara. Nimeomba mkopo wa Sh milioni 60 wa miaka 15 ili nimalizie nyumba yangu Mikindani. Barua ya ofa inasema riba ni asilimia 15 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha itabadilika “kulingana na hali ya soko”. Ofisa mikopo amekataa kuniwekea riba isiyobadilika kwa miaka yote. Benki inaogopa nini, na mimi niogope nini?

Jibu: Ndugu msomaji, nyote wawili mnaogopa kupanda kwa riba, mnachovutana ni nani atakayeumia ikipanda.

Benki inakukopesha fedha za watu wengine, na watu hao hawakuziweka kwa miaka 15. Nyingi ziko kwenye akaunti za akiba, au za muda maalumu wa miezi michache hadi mwaka. Huku kwetu mnalijua hilo vizuri: minada ya korosho ikilipa, akaunti hujaa, na baada ya muda mfupi wakulima wanazitoa. Riba ya amana ikipanda, benki hulazimika kuwalipa zaidi wenye fedha ilhali wewe ungeendelea kulipa asilimia 15 ile ile. Nchini Marekani, taasisi za akiba zilizokuwa zimetoa mikopo ya nyumba ya miaka 30 kwa riba isiyobadilika ziliingia hasara kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hiyo hiyo. Hapa nchini, kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), iliyoanzishwa mwaka 2010, huzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, jambo linalopunguza tatizo bila kulimaliza.

Sasa upande wako, ambao ndio mzito zaidi. Kwa asilimia 15, rejesho lako ni takriban Sh 840,000 kwa mwezi. Baada ya miaka miwili utakuwa umelipa zaidi ya Sh milioni 20, lakini deni litakuwa limeshuka hadi Sh milioni 57.5 tu, kwa kuwa marejesho ya mwanzo karibu yote huishia kwenye riba. Ikiwa wakati huo riba itapanda hadi asilimia 17 na muda ukabaki ule ule, rejesho litafika kama Sh 917,000. Benki ikiamua kuliacha rejesho kama lilivyo na kurefusha muda, miaka 13 iliyobaki itakuwa karibu 21. Kwa asilimia 18, riba ya mwezi pekee inazidi Sh 860,000, yaani ungelipa kila mwezi na deni likaendelea kukua.

Watumishi wengi huona kurefushwa kwa muda kama nafuu. Mimi naona ndiyo njia ya kuangaliwa kwa makini zaidi. Makato yako yakiwa tayari yamefikia kikomo cha kukuachia theluthi moja ya mshahara, benki haiwezi kuongeza rejesho, hivyo itarefusha muda, na muda huo unaweza kuvuka umri wako wa kustaafu.

Maneno “hali ya soko” hayatoshi. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake kama nyenzo kuu ya sera mwezi Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 mwezi Aprili, na kuishusha hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Hata hivyo mabadiliko hayo hayahamii moja kwa moja kwenye mkopo wako iwapo mkataba umeifunga riba kwenye kiwango ambacho benki yenyewe hujipangia. Kabla ya kusaini, omba iandikwe riba itafuata kigezo gani, ikiwa na ukomo gani wa juu, utapewa taarifa siku ngapi kabla, na kama kulipa sehemu ya deni mapema kuna adhabu. Ukomo wa juu ukikataliwa, kopa kiasi ambacho rejesho lake utalimudu hata kwa asilimia 18, na umalizie vyumba vichache kwanza.