Mzee wa kwenye bodi apewe kazi, siyo kiti tu

Watu wanaotaka kuanzisha shirika la kuhudumia wazee mkoani kwao huniuliza kwanza habari za wafadhili. Swali hilo naliheshimu, maana bila fedha hakuna gari wala dawa. Lakini nimefanya kazi ya wazee huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, kwa muda mrefu, nikianzia kama afisa wa uwanjani, nikawa mratibu, na sasa ni mjumbe wa bodi. Kwa niliyoyaona, mimi huwauliza kwanza: viongozi wenu watakuwa akina nani, na kila mmoja atafanya kazi gani? Shirika likikosea hapo, fedha zikiingia zinakuza tatizo tu.

Ukifungua katiba za mashirika mengi utakuta bodi, mkurugenzi mtendaji, mhasibu, mratibu wa miradi, na afisa ufuatiliaji na tathmini. Kwenye bodi kunawekwa mzee mmoja au wawili, mara nyingi mwalimu mstaafu na kiongozi wa dini. Kazi yao ni kufungua kikao kwa sala, kupiga picha na wageni, kusaini mahudhurio na kupokea nauli. Hilo linaniuma kweli. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mtu wa miaka 62 huku kwetu bado analima mpunga, anashika funguo ya sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, na nyumbani analea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki au wamehamia mjini. Mtu huyo ukimwita kwenye bodi aje kuomba dua na kula wali, umemdharau, hata kama umemwamkia shikamoo kwa magoti yote mawili.

Ushauri wangu ni kwamba theluthi moja ya bodi, kwa uchache, wawe wazee wanaotoka kwenye jamii zinazohudumiwa, na nusu yao wawe wanawake. Wanawake nawasisitiza kwa sababu ukipitia orodha za wahitaji karibu kila kijiji, utakutana na mjane anayelea wajukuu, ukurasa hadi ukurasa. Na wasichaguliwe na mkurugenzi. Serikali imehimiza mabaraza ya wazee kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, yakapanda hadi kata, wilaya na mkoa. Yatumieni hayo. Mjumbe aliyeletwa na baraza lake ana watu wa kuwarudishia taarifa, na hata akipingana na mkurugenzi hana hofu ya kupoteza ugali wake.

Baada ya kuchaguliwa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapa ndipo nimeona mashirika mengi yakishindwa.

Shirika moja nililofanya nalo kazi lilikuwa na desturi ya kugawa taarifa ya fedha asubuhi ileile ya kikao. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo aliyopelekewa mfadhili, na kwa herufi ndogo zinazomtesa hata kijana. Mhasibu anasoma jumla, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, ukumbi kimya, taarifa imepita. Baadaye bodi ikakubaliana kubadilisha utaratibu. Taarifa ikaanza kutoka wiki moja kabla, kwa Kiswahili, isizidi kurasa mbili, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 70 anazisoma bila kuinua karatasi dirishani. Kikaoni mhasibu anasoma mstari kwa mstari: tulipanga kiasi gani, tumetumia kiasi gani, tofauti imetokana na nini. Asiyejua kusoma naye anafuatilia.

Katika kikao cha kwanza cha utaratibu huo, bibi mmoja aliyekuwa mjumbe aliweka kidole kwenye karatasi akasema, "Mwanangu, hebu rudia hapo kwenye mafuta ya gari." Mhasibu akarudia. "Na ya miwani ni ngapi?" Akasoma. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mafuta yote hayo, gari lilikuwa limebeba nini?"

Hakukuwa na wizi. Kilichobainika ni kwamba kila mradi ulikuwa na afisa wake na ratiba yake, hivyo gari lilikuwa linakwenda vijiji vilevile mara tatu ndani ya wiki moja, kila safari na mtu mmoja na faili lake. Bodi ikaagiza safari ziunganishwe, na mafuta yaliyookolewa yakahamishiwa kwenye miwani ya kusomea na vipimo vya macho. Mwaka uliotangulia mkaguzi wa nje alikuwa ametupa hati safi, na alistahili kutupa, kwa sababu risiti zote zilikuwepo na hesabu zilifungwa vizuri. Kuuliza kama safari yenyewe ina maana kwa mzee wa kijijini, hiyo ni kazi ya bodi.

Mambo mengine ni madogo lakini yasipotimizwa mzee hawezi kushiriki. Kikao kianze saa nne asubuhi ili anayetoka kijijini kwa bodaboda na kuunganisha hiace afike bila kuamka usiku. Kifanyike chini, siyo ghorofani, na choo kiwe karibu. Nauli ihesabu pia msindikizaji. Awepo mtu wa kutafsiri kwa Kisukuma, au lugha yoyote ya huko kwenu, kwa sababu wapo wazee wenye akili kali ambao Kiswahili cha ofisini kinawafunga mdomo. Na kikao kisizidi muda wa saa tatu.

Mkurugenzi naye. Mashirika mengi ya wazee yameanzishwa na mtu mmoja mwenye moyo, na moyo huo ndio uliolifikisha shirika hapo lilipo. Namshukuru kila mtu wa aina hiyo. Lakini nimeshuhudia malipo yote yakisimama kwa sababu mtu huyo kalazwa hospitali na saini yake haina mbadala benki, huku bibi aliyezoea kupokea sabuni, unga na nauli ya kliniki akisubiri nyumbani bila taarifa. Wekeni watia saini watatu, wasiwe ndugu, na malipo yapite kwa saini za wawili kati yao. Mkurugenzi awe na mkataba wenye muda, hata kama ndiye mwanzilishi. Kila mwaka, wakati wa likizo yake, mtu mwingine akaimu kikamilifu, na mkurugenzi asipigiwe simu kwa kila kitu. Tangu sheria ya NGO iliporekebishwa 2019, cheti cha usajili wa NGO kina uhai wa miaka 10 kabla ya kuombewa upya. Ukikipokea leo, jiulize nani atakwenda kwa Msajili siku kitakapokwisha, na anza kumwandaa sasa.

Jambo jingine ninalolishikilia ni viongozi kwenda uwanjani, na mhasibu awe mmoja wao. Wakakae asubuhi moja kwenye dirisha la wazee hospitali ya wilaya, bila fulana za mradi. Sera inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bure, na hospitali nyingi zina bango la kuwapisha wazee. Mzee anafika na kitambulisho chake, anamuona daktari bila kulipa, kisha anaambiwa dawa hazipo, akanunue nje. Kiongozi aliyeliona hilo kwa macho yake, akamsikia babu akiuliza bei ya vidonge vya presha kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, hataishia kuandika kwenye taarifa kwamba "huduma za matibabu bila malipo zinapatikana".

Kuna jambo moja zito huku kwetu linaloonyesha kwa nini jicho la namna hiyo linahitajika. Mikoa kama Shinyanga na Mwanza imepoteza vikongwe wengi, wanawake hasa, waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakifanywa ushahidi. Macho yale ni ya moshi: miaka na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mtu wa ofisini akipewa tatizo hilo ataandika semina, ngonjera na vipeperushi. Semina zina nafasi yake. Ila anayejua jiko la bibi kwa ndani ataanza pia na moshi, na ndiyo maana baadhi ya mashirika ya kanda hii yaliingiza majiko sanifu, yanayopunguza moshi, kwenye kazi ya kuwalinda vikongwe. Nikisema bodi iwe na bibi wanaopika, namaanisha ujuzi huo hasa.

Mfano mwingine ninaoupenda uko Nshamba, wilayani Muleba. Shirika la Kwa Wazee lilianza pale 2003, wakati UKIMWI umeacha mabibi wengi Kagera wakilea yatima. Badala ya kuwaamulia wanachohitaji, liliwapa pensheni ndogo ya kila mwezi, fedha taslimu, na kuwaunganisha kwenye vikundi vya kusaidiana. Uamuzi wa aina hiyo unahitaji viongozi wanaomwamini mzee kiasi cha kumkabidhi pesa.

Pensheni inanifikisha kwenye kazi ya mwisho ya timu ya uongozi, ile inayoachwa mara nyingi kwa sababu haina mfadhili: kuidai serikali. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila mkazi aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hatujafika hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo ipo, na viongozi wa shirika la mkoa wanapaswa kuisoma, kujua inamgusaje mzee asiye na kipato, na kuuliza halmashauri yao imejipangaje. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Anayekwenda na barua mwezi Juni amechelewa. Wekeni kwenye kalenda ya shirika kwamba kufikia Novemba mjumbe wa baraza la wazee ameshaonana na mkurugenzi wa halmashauri, akiwa na orodha ya dawa zilizokosekana kwenye vituo vya afya, kituo kwa kituo na mwezi kwa mwezi. Orodha hiyo iandaliwe na afisa ufuatiliaji, na mkurugenzi wa shirika aende naye akibeba faili. Mazungumzo yaongozwe na mzee mwenyewe.